Mguu Uliovunjwa na Paka

Mume wangu alivunjwa mguu na paka. Yeye mwenyewe huisimulia habari hiyo tofauti. Kwa majirani ni mbwa, kwa watu wa mbali ni mbwa wawili, na siku moja nilimsikia akimweleza fundi wa redio kwamba hata pikipiki ilihusika. Lakini mimi nilikuwepo, nimesimama mlangoni na ndoo, na nilichokiona ni paka wa mtaani, mwembamba, sikio moja limechanika, akitoka buchani kwetu na kipande cha ini mdomoni. Mume wangu akamfukuza mbio, kisu mkononi. Sakafu alikuwa ameimwagia maji ya sabuni mwenyewe muda si mrefu. Akateleza, mguu wa kulia ukajipiga kwenye ngazi ya mlango, na nikasikia mlio ambao nimeusikia kila siku ya ndoa yangu, ila safari hii haukutoka kwenye gogo la kukatia nyama. Paka alikula ini lake juu ya paa la kinyozi, bila wasiwasi, huku akitutazama.

Mtaani wanamwita Nyongeza, na jina hilo amelipata kihalali. Ukinunua nyama kwake atapima, mzani utatulia, utaridhika, halafu mkono wake utarudi kwenye gogo na kukutupia kitu juu: ncha ya ubavu, kipande cha mafuta, figo nzima kama umefiwa. "Hiyo nyongeza," husema, "usimwambie mke wangu." Nami nimekaa hapo hapo nyuma ya droo ya pesa, namtazama. Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Yeye anagawa, mimi nanuna, na wateja wanakuja kwa ajili ya yote mawili.

Ni mtu mrefu. Mlango wa bucha humlazimu kuinama, na gogo lake la kukatia nyama lilitengenezwa na seremala wa jirani kwa kimo chake yeye: kipande cha shina gumu juu ya miguu minne minene, kinachomfika kiunoni. Mimi kinanifika kifuani. Kwa gogo hilo na shoka dogo alikuwa akipasua mifupa asubuhi mpaka jioni, na kwa sababu hiyo alijiona bingwa wa mifupa yote duniani. Ukimletea habari ya mtu aliyevunjika, atakuuliza kavunjika wapi, atakuonyesha mahali penyewe kwenye paja la ng'ombe, kisha atakueleza jinsi ambavyo yeye angepapasua vizuri zaidi.

Hospitalini walimfunga plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya goti. Uliovunjika ni mfupa wa muundi, ule mnene unaoweza kuugusa kwa mbele. Daktari wa mifupa, mwanamke mwenye sauti ya chini na viatu vya raba, alimwambia atulie, asiukanyage, utaunga wenyewe. Mume wangu akaitazama picha ya eksirei kwa jicho la kazi, akasema ungevunjika juu kidogo ungekuwa mkato mzuri. Daktari hakujibu. Nilimpenda kuanzia hapo.

Wageni wakaanza kuja kutoa pole, na kila mmoja alikuja na methali ile ile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu wa hesabu, mteja wetu wa miaka mingi, aliisema huku akivua viatu. Kinyozi aliisema akiwa bado dirishani. Mume wangu akalalamika kwamba hakuna mkuu yeyote aliyewahi kumkataza kumfukuza paka. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye alihamia kwetu siku ile ile na mto wake kwapani, akasema yeye alimkataza kukimbia ovyo tangu alipoacha kutambaa, kwa hiyo methali ina haki yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilivaa aproni ya mume wangu, nikaikunja mara mbili ili nisiikanyage, nikafungua bucha. Nyama sikuwa mgeni nayo. Nimesafisha utumbo tangu nikiwa msichana, na mume wangu kazi hiyo nilimfundisha mimi, ingawa hapendi ijulikane. Shida ilikuwa gogo. Kukata kitu kilicho usawa wa kifua ni kama kumpiga mtu aliyekuzidi kimo: unachoka wewe kabla yake. Nikachukua kreti ya soda, nikaigeuza chini juu, nikapanda.

Seremala aliniona juu ya kreti akaja mbio na msumeno. Akaniambia ni kazi ndogo tu, anaipunguza ile miguu ya gogo, nami nakata nyama kama binadamu wengine. Nikamwambia kreti inanitosha. Akarudi wiki iliyofuata, na msumeno wake. Mwalimu wa hesabu naye akanichorea juu ya karatasi ya kufungia nyama namna kiuno changu kinavyopinda. Jioni visigino vilikuwa vinaniwaka moto na mara mbili kreti iliniangusha, lakini niliwaambia wote wawili kwamba kiuno ni changu, kreti ni yangu, na anayetaka nyama aseme kiasi. Hasira zangu ziko karibu, mtaa mzima unajua. Wakaniacha.

Katika kuuza, mimi si Nyongeza. Mzani ukitulia umetulia. Nilidhani wateja watanikimbia, lakini walibaki, na baadhi yao wakaanza kusema kwamba vipande vyangu vinalingana, kwamba mifupa haina tena vipande vipande vya kuumiza meno, na kwamba bucha imepata adabu. Maneno haya mama mkwe aliyaokota sokoni na kuyafikisha nyumbani yakiwa bado ya moto. Hakuwa mtu wa kuacha habari njiani. Mume wangu aliyasikia akiwa kitandani, mguu juu ya mto, akasema vizuri, vizuri sana, na akageukia ukutani.

Plasta ikafunguliwa, ikafungwa nyingine, ikafunguliwa tena. Kila picha ilionyesha ufa ule ule mweusi. Hatimaye daktari akatukalisha chini. Akaeleza kwamba mifupa mingine huchelewa kuunga, hata kwa mtu mwenye afya, na huu wetu ulikuwa umechelewa kupita kiasi. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuufungua mguu, kuchukua kipande kidogo cha mfupa kwenye nyonga, na kukipandikiza penye ufa.

"Mimi ndiye nakata," akasema mume wangu. "Sikatwi."

Alitaka ionekane mzaha, lakini jasho lilikuwa linamtoka kwenye mdomo wa juu. Daktari akamwacha apumue, kisha akaeleza njia ya pili. Wangemtoa damu yake mwenyewe, waizungushe kwenye mashine mpaka ijitenge, wachukue ile sehemu inayosaidia vidonda kupona, na kumrudishia kwa sindano penye ufa. Hakutupambia maneno. Alisema kuna watu imewasaidia na kuna ambao haikuwafanyia lolote, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Tungejaribu mara moja. Ikishindikana, ni upasuaji, na akiukataa upasuaji, basi ni magongo na kazi ya kukaa. Mtu wa kusimama kutwa nzima kwenye gogo asingekuwa tena.

Tukarudi nyumbani, na njia nzima mume wangu hakutania hata mara moja. Alimpita muuza mahindi, alimpita kinyozi, kimya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nyongeza bila gogo lake ningemweka wapi? Angekaa kwenye kiti gani, na angemtupia nani kipande cha mafuta?

Mama mkwe alitaka habari, nikampa kwa kifupi, na huo ufupi ndio uliotuponza. Nilimwambia wanataka damu kwa ajili ya mfupa. Kuanzia siku hiyo alikula na kunywa kila kitu chekundu alichokiona: nyanya, bitiruti, tikiti, hata sharubati ya watoto. Nilidhani ni uzee. Siku ya miadi tulipofika hospitalini, tulikuta ukumbi wa kusubiria umejaa ukoo. Mama mkwe alikuwa mbele kabisa, amevaa nguo ya harusini, mkono wa nguo wa kushoto tayari umekunjwa mpaka begani. Nyuma yake walikuwa dada yake na wapwa wa mume wangu, wote wamekula vizuri, wote wamekunja mikono ya nguo. Muuguzi alidhani wamekuja kupigana.

Daktari akatoka akawaeleza kwa upole kwamba damu ya ndugu haihitajiki. Itatumika ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu mwili wake unaijua.

"Damu yake ni yangu," mama mkwe akamwambia. "Kwani aliipata wapi?"

Daktari akakubali kwamba hilo ni kweli kabisa, ila mgonjwa amekaa nayo muda mrefu sasa. Mama mkwe akalifikiria jambo hilo, akaona lina mantiki lakini halina heshima. Ili safari isiwe ya bure, wapwa walishuka chini kwenye benki ya damu wakachangia wagonjwa wengine. Mama mkwe alishuka nao. Akarudi amevimba kwa hasira, maana walimwambia umri wake umepita, na hilo aliona ni tusi la pili kwa asubuhi moja.

Ndani, mume wangu alikuwa na matatizo yake. Mtu huyu amekaa miaka yote na damu mpaka viwikoni. Anakula chapati huku ameshika moyo wa ng'ombe. Lakini muuguzi alipomfunga mpira juu ya kiwiko na kuupapasa mshipa, alibadilika rangi. Akatazama dari, akaanza kunieleza kwa kirefu namna ya kusafisha utumbo, hatua kwa hatua, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Mkono wake mwingine ulikuwa umenishika vidole mpaka vikafa ganzi. Nikamwacha anifundishe.

Mirija ya damu ikaingizwa kwenye mashine iliyofanana na sufuria yenye mfuniko, ikavuma kwa muda, ikanyamaza. Ilipotoka, damu ilikuwa imejigawa. Chini nyekundu nzito, juu kimiminika cha manjano kama samli iliyoyeyuka, na katikati kama ukingo mweupe, mwembamba. Daktari akatuonyesha kwa kidole. Akasema ukijikata, kuna chembe ndogo ndani ya damu ambazo ndizo hufika kwanza penye jeraha. Zinaziba, kisha zinaita. Hazijengi zenyewe, alisema, zinawaita mafundi wa mwili waje kujenga. Penye ufa wetu huenda mafundi waliitwa wachache au walisahau njia, kwa hiyo tutazikusanya chembe nyingi kwa pamoja na kuzipeleka pale pale, ziite kwa sauti kubwa.

Mume wangu alielewa, maana alitikisa kichwa. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye bomba la sindano. Alikuwa ametoa mirija iliyojaa, na alichokuwa anarudishiwa kilikuwa kidogo, funda moja la mtoto. Nilimwona akipima kwa macho.

"Daktari," akasema, "hapo hakuna nyongeza?"

Daktari alicheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akasema hakuna, ndiyo yote. Nikamwambia mume wangu sasa anaijua ladha ya mzani wangu. Akacheka na yeye, na kicheko hicho kikamsaidia, kwa sababu sindano ilipofuata njia yake mpaka kwenye mfupa, huku daktari akiiongoza kwa kutazama kioo cha mashine nyingine, ya picha, halikuwa jambo la kuchekesha. Jasho likalowesha mto.

Akafungwa plasta mpya. Masharti yalikuwa machache na daktari aliyarudia yote. Asimeze dawa za maumivu za kununua ovyo dukani, maana nyingine huzuia kazi hii. Na asiukanyage mguu mpaka aambiwe. Mafundi wakija, alisema, wakakuta kuna mtu anatingisha msingi, wanaondoka.

Sasa nyumbani kwangu kulikuwa na jambo ambalo nilikuwa nimeliona bila kuliona. Kuni zetu zilikuwa zimepasuliwa nyembamba kama penseli, zimepangwa vizuri kando ya jiko. Karoti zilinijia mezani zimekatwa za kulingana utadhani zimetoka kiwandani. Nilimshukuru mama mkwe kwa kuni, akasema yeye hajagusa kuni, nikadhani ni unyenyekevu, ingawa unyenyekevu haujawahi kuwa ugonjwa wake. Na magongo ya mume wangu, yaliyosimama pembeni mwa kabati tangu tulipotoka hospitalini, yalikuwa na utando wa buibui.

Siku chache baada ya sindano nilisahau funguo za friji ya bucha, nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mama mkwe alikuwa amelala kitini, mdomo wazi. Jikoni kulikuwa na mlio ninaoujua. Nikasukuma mlango. Mume wangu alikuwa amechukua makopo mawili ya rangi, ameyaweka juu ya meza, na juu ya makopo ameweka ubao, ili upate kumfika kiunoni kama gogo lake. Juu ya ubao kulikuwa na boga. Na yeye, kwa miguu yote miwili, plasta na yote, alikuwa amesimama wima analipasua kwa panga.

Nilipiga kelele hata mama mkwe akaamka akidhani nyumba inaungua. Nilimuuliza mume wangu tangu lini. Akatazama boga. Nikamuuliza tena, tangu lini, kabla ya sindano au baada, na boga likaendelea kutazamwa. Nikaelewa kwamba ni tangu plasta ya kwanza. Kila nilipokuwa juu ya kreti, yeye alikuwa juu ya ufa.

"Nafanya mazoezi," akasema mwishoni.

"Mazoezi ya nini?"

Akaliweka panga chini taratibu. "Wanasema unakata vizuri kuliko mimi. Gogo limeshakuzoea wewe. Nikikaa hapa nasubiri mfupa ukubali, mkono utasahau, na siku nikirudi nitakuta sina pa kusimama."

Hapo ningeweza kumweleza habari za kreti. Lakini hasira zangu hazijui kueleza, zinajua kubeba vitu. Nikachukua panga, visu vyote vya jikoni, na kikwangulio kwa usalama zaidi, nikavifunga kwenye aproni, nikaenda navyo buchani. Mchana huo mama mkwe alipika kwa kuvunja vitunguu kwa mikono.

Kesho yake aliletwa mbuzi. Nilipofika mguu wa nyuma, shoka likaruka. Nikapiga tena, likaruka tena. Nikausafisha ule mguu kwa kisu, nikaona katikati ya mfupa pameota uvimbe mgumu, mviringo, kama pale mti unapotoa tawi. Wauza nyama wanauita fundo. Mume wangu hulitupa akilikuta, kwa sababu wateja wakiliona huanza kuuliza kama mnyama alikuwa mgonjwa. Nilitaka kulitupa na mimi. Mkono ukasita. Nikaanza kucheka peke yangu juu ya kreti, na mwalimu wa hesabu, aliyekuwa anasubiri nyama yake, akarudi nyuma hatua moja.

Jioni niliuchemsha mfupa ule mpaka ukawa mweupe, nikauweka kwenye sinia ya chai, nikampelekea mume wangu. Hatukuwa tumesemeshana tangu boga. Akauangalia mara moja tu.

"Fundo," akasema.

"Linatokana na nini?"

"Mbuzi alivunjika akiwa mdogo. Ukaunga."

"Nani alimtibu?"

"Nani amtibu? Mchungaji humfunga vijiti, basi."

"Na mbuzi mwenyewe alifanya nini?"

Nikammiminia chai, nikangoja.

"Alilala," akasema.

Nikamwambia: "Hakuwa na daktari wala mashine ya kuzungusha damu. Na wenzake walikuwa wanakula majani yote mazuri mbele ya macho yake, pengine walikuwa wanayala vizuri kuliko yeye. Lakini alilala."

Kutoka kitini kwake mama mkwe akasema kwamba asiyesikia la mbuzi huvunjika guu mara mbili. Ni methali yake ya kwanza ya kutunga mwenyewe, na mpaka leo anaamini ni ya wahenga.

Mume wangu hakucheka. Aliugeuza mfupa mikononi kwa muda mrefu, akilipitisha dole gumba juu ya fundo, kwenda na kurudi. Akasema ametupa mafundo mengi maishani mwake. Akasema amepasua mifupa miaka yote akiichukulia kama mawe, kitu kigumu kinachokaa ndani ya nyama, na hakuwahi kufikiri hata siku moja kwamba kilikuwa hai, kilikuwa kinafanya kazi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimhurumia, na nilimpenda, na bado nilitaka kumpiga kwa sinia. Kisha akaniomba magongo. Nikayafuta utando wa buibui, nikampa, na visu vikarudi jikoni.

Tangu siku hiyo alikaa. Na kukaa kwa Nyongeza ni adhabu kwa walio karibu naye. Alimsimamia mama yake namna ya kukata vitunguu mpaka mama huyo akatishia kurudi kwake, na nasikitika kusema kwamba hakutimiza. Alihesabu waliopita dirishani waliobeba nyama, akakisia ni sehemu gani na imekatwa na nani. Mfupa wa mbuzi aliuweka dirishani, karibu na mto wake, na kila asubuhi nilipoondoka nilimwona anauangalia kabla hajaniaga. Mguu aliuinua akiuhamisha kitandani kama mtu anayebeba mayai ya jirani.

Siku ya picha tulikaa kwenye benchi la hospitali, yeye, mimi na mama mkwe, ambaye safari hii alikuja na mkono wake umefunikwa. Daktari alituita, akaiweka picha kwenye ule ubao wenye mwanga, na kwa muda akaitazama yeye peke yake, kitu ambacho daktari hapaswi kumfanyia mke wa mtu. Kisha akasogea pembeni tuone.

Ule ufa mweusi haukuwa mweusi tena. Palikuwa na ukungu mweupe, umeuzunguka mfupa pande zote, mnene kuliko mfupa wenyewe. Daktari akasema huo ndio mfupa mpya. Mwili, alisema, ukianza kujenga huweka zaidi ya kinachohitajika, baadaye ndipo unapunguza taratibu. Nikamtazama mume wangu, nikijua kabisa ni mzaha gani unakuja. Haukuja. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, na mama yake akampa ncha ya khanga yake bila kusema methali yoyote.

Nilimuuliza daktari kama ni damu iliyofanya kazi au ni kule kukaa. Akasema hawezi kuapa. Pengine ni vyote viwili, pengine mfupa ungeamka wenyewe siku moja. Anachokijua ni kwamba damu iliita mafundi, na safari hii mwenye nyumba hakuwafukuza. Mume wangu akashika sana hilo la mwenye nyumba. Kwa wiki nzima aliwaeleza wageni kwamba yeye amekodisha mguu.

Kutoka magongo mawili akaja kwenye moja, kutoka moja akaja kwenye fimbo, na daktari aliporidhika kabisa, alimruhusu kusimama kwa saa chache. Asubuhi hiyo nilitangulia kufungua. Nilikuwa juu ya kreti napanga mbavu nilipoona mlango umeingia kiza, na mume wangu akainama kupita, kama anavyoinama siku zote. Mwalimu wa hesabu alikuwa mteja wa kwanza, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu mkuu wala guu.

Mume wangu akalitazama gogo. Kisha akatazama chini, akaiona kreti. Ilikuwa imechakaa, kona zake nimezifunga kwa waya, na pale nyayo zangu zinapokaa palikuwa pamelika. Akauliza ni ya nini. Mimi nilikuwa na shughuli na mbavu, lakini mwalimu hawezi kuliacha swali bila jibu, akamweleza yote: seremala na msumeno wake, ule mchoro wa kiuno, mara mbili nilizoanguka, na jinsi nilivyowatukana wote waliotaka kunisaidia. Mume wangu akainama kwa shida, akashika mguu mmoja wa gogo, akaupapasa kutoka juu mpaka chini kwenye sakafu, kama alivyoupapasa ule mfupa wa mbuzi. Ulikuwa na urefu wake ule ule.

"Kwa nini hukumwachia seremala aipunguze?"

"Ningeipunguza, wewe ungesimama wapi?"

Nilisema kwa ukali, kwa sababu kwa sauti nyingine yoyote ningelia, na mwalimu alikuwa anatazama. Mume wangu akainuka. Kisha akaninyooshea mkono nishuke, nikashuka. Akaisukuma ile kreti kwa mguu, na ulikuwa mguu wa kulia, taratibu, mpaka upande wa pili wa gogo, mkabala na yeye.

"Panda," akasema. "Mwalimu anasubiri."

Nikapanda. Mwalimu akakatiwa nyama yake, ikapimwa, mzani ukatulia, akaridhika. Kisha nikauona mkono wa mume wangu ukirudi kwenye gogo. Kutoka pale juu niliuona vizuri sana, na sikusema kitu.